Mzee Anayefundishwa: Mafundisho juu ya Amri ya Nne na ya Tano



Wapendwa wakatekumeni, mmekwisha kujifunza kwamba amri ya nne ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na ya tano yatukataza kuua. Wengi hudhani kwamba amri hizi mbili zakaa mbalimbali: ile ya nne nyumbani kwa wazazi, na ile ya tano kwa wauaji wenye panga na mikuki. Leo tutaziona zikikutana mahali pamoja, yaani penye mkeka wa mzee mgonjwa.

Katika kila kijiji wamo wazee waumwao wasiseme. Ukiwauliza habari za mwili, hujibu: "Mzima." Kwao, mtu awezaye kushika jembe, kufika shambani na kurudi kwa miguu yake, huyo ndiye mzima. Siku jembe linapomshinda, ndipo asemapo: "Sasa mimi mgonjwa." Hivyo wazee wetu huipima afya kwa kazi. Kipimo hicho si cha kuchekwa, kwa maana Mungu mwenyewe alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Lakini ni kipimo kinachokuja kwa kuchelewa. Yako magonjwa yakaayo mwilini miaka mingi, na huku mkono ungali unashika jembe.

Basi tusikilize maneno manne wayasemayo wazee juu ya afya yao, tuyapime moja moja katika nuru ya imani. Kisha tutasikiliza neno la tano, ambalo si lao, ni letu sisi vijana, nalo ni baya kuliko yote.

NENO LA KWANZA: "NI UZEE TU"

Mzee akohoa usiku kucha, apapasa ukuta kwa kuwa macho hayaoni, asikia kizunguzungu ainukapo. Ukimwuliza, asema: "Mwanangu, ni uzee tu."

Ni kweli kwamba uzee una uchovu wake. Nywele hugeuka, magoti hulegea, usingizi hupungua. Huo ndio mwendo wa maumbile aliouweka Muumba, wala hatuna la kunung'unika. Lakini uzee haukohoi. Mwenye kukohoa ana sababu ya kukohoa.

Kikohozi kikiendelea kwa majuma mawili au zaidi, mtu apelekwe kupimwa makohozi, maana huenda ikawa kifua kikuu. Ugonjwa huo hupona kwa dawa zinywewazo kwa muda wa miezi sita bila kukatisha, na katika nchi yetu dawa hizo hutolewa bila malipo. Tena mzee asiyetibiwa haugui peke yake: mjukuu alalaye chumba kimoja naye huvuta hewa ileile.

Macho nayo yana magonjwa yake. Mara nyingi ule ukungu uingiao katika mboni ya mzee ni mtoto wa jicho. Mganga wa macho aweza kuutoa kwa upasuaji mdogo, na mtu aliyekuwa akiongozwa kwa fimbo akaona tena uso wa mjukuu wake.

Na mtu mwenye kiu isiyokwisha, aendaye haja ndogo mara kwa mara, tena mwenye kidonda cha mguu kisichofunga, huyo apimwe ugonjwa wa sukari.

Lakini adui afichamaye kuliko wote ni shinikizo la damu, ambalo watu wa kwetu huliita tansio. Wengi walio nalo hawasikii kitu: kichwa hakiumi, chakula chapita, usingizi waja. Lajulikana kwa kupimwa tu. Mganga hufunga kitambaa mkononi, hukijaza hewa, kisha husoma namba mbili. Ile ya juu ikifika 140, au ile ya chini ikifika 90, na ikiwa hivyo tena siku nyingine, damu yasukuma kupita kiasi. Dawa zipo, na wengi hupaswa kuzinywa kila siku, hata siku wajisikiapo vizuri. Hapo ndipo wazee wengi hukwama. Wakisha kunywa dawa za mwezi mmoja husema: "Nimepona," wakaacha. Siku moja mdomo wapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vyakosa nguvu. Hicho ni kiharusi. Ndipo jamaa wakimbiliapo kwa mfumu kuuliza nani aliyemloga. Hakuna aliyemloga, ndugu zangu: katika ubongo wake mshipa wa damu umeziba au umepasuka, na kila saa ipitayo kwa mfumu ni saa iliyonyimwa hospitali.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno "ni uzee tu" ndilo tope tulipakalo juu ya ufa usionekane.

NENO LA PILI: "SIKU ZANGU ZI MIKONONI MWA MUNGU"

Neno hili ni zuri, wala hakuna katekista atakayelipinga. Uzima wetu ni mali ya Mungu, naye peke yake ndiye ajuaye mwisho wake. Lakini tuangalie tusilifanye neno la imani kuwa neno la uvivu. Mkulima ajua kwamba mvua yatoka kwa Mungu. Je, kwa sababu hiyo huacha kupalilia? Mvua ni ya Mungu, palizi ni yako.

Someni, au mwombeni mwalimu awasomee, sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira. Humo tunafundishwa kwamba mganga naye ameumbwa na Mungu, na kwamba dawa zimetolewa na Mungu katika ardhi, wala mwenye akili hazidharau. Mgonjwa afanye nini? Asali, atakase moyo wake, kisha ampe mganga nafasi yake. Angalieni: sala haikumfukuza mganga, wala mganga hakuifukuza sala.

Sisi wa pande za ziwa Tanganyika tunao mfano wa jambo hilo. Adriano Atiman alizaliwa nchi ya Mali, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe. Walimpeleka kujifunza uganga katika kisiwa cha Malta, kisha mwishoni mwa miaka ya 1880 akaja Karema, ng'ambo ya ziwa letu. Huko alikuwa katekista na mganga pamoja, mpaka alipokufa mwaka 1956 katika uzee mkubwa. Kwa zaidi ya miaka 60 mkono uleule ulifundisha Baba Yetu na kufunga vidonda. Hakuona kwamba kazi moja yaitukana nyingine.

Wako pia wazee waogopao hospitali kwa kuwa, wasema, "kule ndiko watu wafiako." Tuwajibu kwa upole: wengi hufia kule kwa sababu walipelekwa siku ya mwisho. Hofu hiyohiyo wako waliyo nayo juu ya Padri. Wakimwona akiingia na mafuta matakatifu, hulia kana kwamba ameleta sanda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha kwamba sakramenti hiyo yafaa iitwe Mpako wa Wagonjwa, wala si ya wale tu walio katika kukata roho. Na tangu Papa Paulo wa Sita alipoitengeneza upya ibada yake, mwaka 1972, yaeleweka wazi kwamba mkristu mzee aliyedhoofika sana aweza kuipokea hata kama hana ugonjwa mwingine wa hatari. Ninyi mtaistahili baada ya Batizo. Lakini tangu sasa jifunzeni kumwita Padri mapema, na mganga mapema.

NENO LA TATU: "PESA ZIENDE KWA WATOTO"

Neno hili latoka moyoni penye upendo. Mzee aona kwamba mjukuu adaiwa pesa za shule, kwamba mahindi yamepungua ghalani, naye ajiambia: "Mimi nimekwisha kula siku zangu. Nisiwe mzigo." Basi huficha maumivu, huchemsha majani, hunyamaza. Tusimcheke mzee huyo. Twajua kwamba umaskini wa vijiji vyetu si hadithi.

Lakini sisi watoto tusiupokee ukimya wake kama ruhusa. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yezu aliwakemea vikali watu waliotenga mali yao kuwa sadaka ya Mungu ili wasidaiwe kuwatunza wazazi wao. Kama Bwana alikataa sadaka itolewayo kwa kumnyima mama yake mtu, atasemaje juu ya pombe, au juu ya karamu ya matanga? Wangapi kati yetu wasiokuwa na pesa za vidonge mzee alipokuwa hai, nao wakachinja mbuzi wawili siku alipozikwa? Heshima ya amri ya nne yaanza kabla ya jeneza.

Ikiwa nyumba moja haiwezi, nyumba kumi zaweza. Wakristu wa sharika moja waweza kuweka akiba kidogo kila mavuno, iwe ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Tena mengi ya kutunza afya ya mzee hayana bei kubwa. Mpe maji safi ya kunywa mara kwa mara, maana mzee husikia kiu kidogo kuliko kijana, hata mwili wake ukihitaji maji. Punguza chumvi katika sombe, na samaki wa makayabu aloweshwe maji na kumwagwa yale ya kwanza: chumvi imtoshayo mtu kwa siku nzima haizidi kijiko kidogo cha chai. Mfungie chandarua. Sawazisha njia ya kwenda msalani, umwekee na taa, kwa sababu mzee akianguka mfupa huvunjika upesi na kuunga pole pole. Na vidonge viuzwavyo sokoni juani, visivyo na jina wala tarehe, usimpe kamwe, wala usimchanganyie vidonge na dawa za mizizi bila kumwambia mganga.

NENO LA NNE: "KIJANA HUYU ATANIFUNDISHA NINI?"

Hapa tumefika penye fundo lenyewe. Mganga wa kituo cha afya ni kijana wa jana. Msichana apitaye nyumba kwa nyumba kufundisha habari za afya huenda mzee alimwona akizaliwa. Mzee aketi mbele yake, amsikilize akieleza jinsi ya kunawa mikono? Moyo wake wakataa.

Tumkumbuke Naamani, jemadari wa Shamu, ambaye habari zake zimo katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5. Alikuwa mtu mkubwa, lakini mwenye ukoma. Nani aliyemwonyesha njia ya kupona? Kijakazi mdogo aliyetekwa vitani. Nabii alipomwagiza aoge mara saba katika mto Yordani, alikasirika, akaona ni jambo dogo mno kwa mtu kama yeye. Nani aliyemtuliza? Watumishi wake. Naamani aliponywa kwa uwezo wa Mungu, lakini asingaliufikia uwezo huo kama hangaliwasikiliza watu wadogo kuliko yeye.

Mkumbukeni pia mzee Tobiti, mcha Mungu, aliyepofuka. Dawa ya macho yake ililetwa na mwanawe Tobia, naye alikuwa amefundishwa na malaika Rafaeli. Mzee huyo hakusema: "Mimi niliyekuzaa, utanitibu wewe?" Alitulia, akapakwa, akaona.

Nanyi wazee wetu mlio katika darasa hili la dini, mnayo hoja kubwa kuliko hizo zote, na hoja hiyo ni ninyi wenyewe. Mlikuja mkiwa na mvi, mkaketi ubaoni pamoja na watoto, mkakubali kufundishwa ishara ya msalaba na katekista ambaye umri wake ni wa mwana wenu. Hamkuona haya kurudia Salamu Maria mpaka ikakaa moyoni. Kumbe mzee hufundishika! Kama mlikubali kufundishwa jinsi ya kuokoa roho, mtakataaje kufundishwa jinsi ya kuutunza mwili? Mtume Paulo awaambia Wakorinto kwamba mwili wa mkristu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu lililojengwa zamani halibomolewi kwa kuwa ni la zamani. Hutengenezwa paa, ibada ikaendelea.

Lakini nanyi vijana, sikieni. Mara nyingi mzee hakatai mafundisho, akataa namna yake. Msimkemee mbele ya wakwe zake. Habari za mkojo na za sehemu za siri msizitaje hadharani: mwanamume aongee na mwanamume, mwanamke na mwanamke, na mlango umefungwa. Mzee asichoweza kuambiwa na mkwewe, aweza kuambiwa na mjukuu, kwa maana kati ya babu na mjukuu desturi imeacha nafasi ya utani. Mjukuu aweza kusema: "Babu, wewe ulininyima asali ukasema yaharibu meno. Leo mimi nakunyima chumvi." Babu atacheka, na neno litaingia. Tena mwulizeni kwanza yeye aliyoyaona katika maisha yake. Ajua miaka ya njaa, ajua ndui ilivyokuwa kabla haijatokomezwa. Mzee aliyesikilizwa husikiliza.

NENO LA TANO: "NI MCHAWI"

Ndugu zangu, neno hili wazee hawalisemi. Sisi ndio tuwasemao nalo.

Mama mzee amesahau majina ya watoto wake. Atoka usiku, azunguka nyuma ya nyumba za watu, asema peke yake. Macho yake ni mekundu. Mtoto wa jirani akiugua malaria na kufa, watu wamtazama yule mama. Kisha kiko kinywa kimoja chatamka neno, na kabla hakujapambazuka nyumba yake yawaka.

Mambo hayo si ya kale. Katika mwaka 1 tu ulio karibu, yaani 2021, wanawake kadhaa waliuawa katika Kivu ya Kusini kwa kusingiziwa uchawi. Basi mjue ukweli, mkautangaze. Uko ugonjwa wa ubongo ambao huwashika wazee wengine, ukawaondolea kumbukumbu na kuwachanganya mchana na usiku. Mwenye ugonjwa huo huweza kutangatanga gizani akiitafuta nyumba ya mama yake aliyekufa zamani. Na macho mekundu ni ya mwanamke aliyepuliza moto wa kuni maisha yake yote, moshi ukimwingia, ili wewe upate bukari. Huyo si mchawi. Ni mgonjwa, naye ni mama.

Amwitaye mchawi avunja amri ya nane kwa kumshuhudia uongo. Avunja amri ya nne kwa kumvunjia heshima. Ampigaye avunja amri ya tano. Na anyamazaye huku akiweza kusema, ajiulize atamjibu nini Mungu. Mkatekumeni anayetaka kupokea Batizo hawezi kusimama kati ya umati ule. Nafasi yake ni mlangoni pa yule mama.

MASWALI NA MAJIBU YA KUKUMBUKA

Je, amri ya tano yatuagiza nini juu ya mwili wetu?
Yatuagiza kuutunza uzima wetu na wa jirani, kwa kuwa ni mali ya Mungu.

Je, ni dhambi kutumaini Mungu na kutumia dawa pamoja?
Hapana. Mungu ndiye aliyempa mganga akili, akazipa dawa nguvu.

Je, mzee asiyesikia maumivu apaswa kupimwa?
Ndiyo, kwa sababu shinikizo la damu aghalabu halina maumivu.

Je, mzee aliyepotewa na kumbukumbu ni mchawi?
Hapana. Ni mgonjwa, naye apaswa kulindwa na kupendwa.

Je, kijana amfundishe mzee kwa namna gani?
Kwa heshima, kwa faragha, na kwa kumsikiliza kwanza.

AZIMIO

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliiweka Dominika ya nne ya Julai kuwa siku ya mababu na wazee, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria. Tusingoje Julai. Kabla ya mwezi huu kwisha, kila mkatekumeni kijana amchague mzee mmoja, awe wa ukoo wake au asiye na mtu, aende naye polepole mpaka kituo cha afya akapimwe damu. Kama njia ni ndefu, vijana wanne wamkalishe juu ya baiskeli na kuisukuma kwa zamu. Na kila mkatekumeni mzee akubali kwenda, kama alivyokubali kuja kwenye mafundisho. Akirudi, amwambie mzee mwenzake aliyoambiwa, kwa maana neno la afya likitoka kinywani mwa mzee lina uzito kuliko maneno kumi ya kijana.

TUSALI

Ee Mungu Baba, uliyetuumba mwili na roho, twakushukuru kwa wazee wetu waliotubeba mgongoni. Wape unyenyekevu wa kufundishwa, nasi utupe upole wa kufundisha. Uwaponye wanaougua kwa siri. Uwalinde wajane wanaosingiziwa. Utujalie sote siku moja kuubatiza mwili huu katika maji yako, na siku ya mwisho kuupokea tena ukiwa mzima, usiozeeka. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.